Ila ya Wifi

Simu nilikuwa nimeibana kati ya sikio na bega, maana mikono yote miwili ilikuwa ndani ya droo inatafuta muhuri.

"Hujambo, wifi?"

"Sijambo, wifi. Habari za huko?"

"Za huku njema. Wewe unaendeleaje?"

"Salama tu, nashukuru."

"Ila?"

Kisha akanyamaza.

Huo ndio uliokuwa mtindo wake, na kila mwanamke aliyewahi kubeba mimba upande ule wa mji aliujua. Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, alikuwa katika mwaka wake wa ishirini na sita wa ukunga. Alikusalimu, ukamwambia u mzima, naye akatamka neno hilo moja tu, kama mtu anayekushikia mlango, halafu akasubiri. Hakukohoa wala hakuongeza swali. Alisubiri mpaka wewe mwenyewe uone haya kumwacha amesimama pale, ukaingia na mzigo wako.

Asubuhi ile sikuwa na nafasi ya ila zake. Mezani palikuwa na cheti chenye mstari mpana wa kijani, sahihi yangu imeshakaa, kimebakia muhuri tu, na mwenye cheti alikuwa anakuja kukichukua saa tano. Nilikuwa na mimba ya miezi minane. Miguuni nilivaa ndara za mume wangu, kwa sababu viatu vyangu vilikuwa vimenikataa tangu jana yake. Tena swali hilohilo la wifi nilikuwa nimeshamjibu mwingine saa moja asubuhi, na jibu langu lilikuwa limepokelewa bila maneno mengi.

"Wifi, mashine imeshanipigia," nikamwambia. "Imenipa kijani."

"Rangi sijakuuliza. Nimesema, ila?"

Nimwache wifi hapohapo kwenye simu kwa muda. Kungoja hakujawahi kumshinda.

Kazi yangu wakati ule ilikuwa kupima mashine za akili bandia. Hatukupima nguvu zake wala kasi yake, tulipima tabia. Hospitali, shule au ofisi yoyote iliyotaka kuweka mashine ya kuwaamulia watu jambo fulani ilituletea mradi wake, nasi tukauhoji kama wazazi wanavyomhoji mchumba. Inawatendea watu wote haki? Inatunza siri? Ikikosea, nani atasimama aseme ni mimi? Maswali yalikuwa arobaini na mawili, kila moja na alama zake kuanzia sifuri mpaka tano, na mwishoni jumla ya alama iligeuzwa kuwa rangi. Dodoso lote tuliliita Kipimo. Ofisi yetu ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la magodoro, ngazi zinanuka sponji mpya, na mkuu wetu alikuwa bwana mmoja mwembamba tuliyemwita Rula, kwa kuwa hakuwahi kusoma karatasi bila kuweka rula chini ya mstari. Alikuwa mtu wa haki mpaka akachosha. Hata biskuti za chai alizigawa kwa kuhesabu mara mbili.

Kipimo kilitufikia kikiwa kwa lugha ya watu wengine, na mimi ndiye niliyekitia katika Kiswahili. Niliona fahari, sifichi. Jioni moja niliibeba rasimu mpaka kwa wifi ili nami nisifiwe kidogo. Nilimkuta anapiga pasi sare yake ya kazini. Mume wangu, tuliyekuwa tumefuatana, alijilaza kwenye kochi la chumba cha pili, gazeti usoni. Wifi alizipokea karatasi kwa mkono mmoja, pasi mkono wa pili.

"Swali la kumi na mbili," akasoma. "'Je, mfumo unaaminiwa?' Nani kaandika hivi?"

"Mimi."

"Unaaminiwa na nani? Mume wako anaaminiwa na ukoo mzima. Sasa mtume chumvi uone kama anaaminika."

"Nimesikia," gazeti likasema kule chumbani.

Nilichukua kalamu nikasahihisha palepale, masikio yanawaka moto. Kuaminiwa ni kazi ya wanaokuamini, kuaminika ni kazi yako mwenyewe, na kwa kukosea herufi moja tu ningempitisha kila tapeli mwenye sura nzuri. Wifi alikuwa ameshaendelea mbele.

"La kumi na tisa. 'Je, mfumo una ila zozote zinazojulikana?' Hili zuri." Akaigeuza sare, akaanza mkono wa pili. "Ila nyinyi hamtaweza kulijibu."

"Kwa nini tusiweze?"

"Unafikiri ila inakaa ndani ya mashine? Ila inakaa mdomoni mwa mtu, nyuma ya 'nzuri'. Mtu umsalimu, kwanza atakwambia hana jambo. Ndivyo tulivyofundwa. Mambo yenyewe yanafuata baadaye. Hiyo mashine yenu itangoja?"

Alikuwa anaizungumzia mashine iliyokuwa inakuja kliniki kwake, na hapo ndipo nilipojifanya mjanja. Kwa miaka mingi wifi na wakunga wenzake watatu walikuwa wakiwapigia simu wajawazito kila asubuhi, kuanzia saa moja, kila mkunga na orodha yake ya wanawake kama arobaini. Lakini kliniki ilikuwa sasa na wajawazito zaidi ya mia nne. Wengine walipigiwa mara moja kwa wiki, wengine hawakupigiwa kabisa. Ndipo ukaletwa mradi huu, mashine yenye sauti ya mwanamke mpole iliyoweza kuwapigia wote kwa nusu saa. Ingemsalimu mama, ingemuuliza anaendeleaje, ingesikiliza, kisha ingempa rangi: kijani abaki nyumbani, njano aje kliniki siku hiyo, nyekundu afuatwe na gari la wagonjwa. Kama Kipimo kingeipitisha, wakunga wangerudisha simu za kliniki na kazi ya asubuhi ingekwisha. Kwa hiyo wifi aliposema ila, mimi nilisikia mtu anayelilia kiti chake. Nilitabasamu, na moyoni nikasema mwamba ngoma huvutia kwake.

Rula naye akaniongezea sababu. Nilipompa majina ya watu wa kuhojiwa, rula yake ilisimama chini ya jina la wifi.

"Huyu ni nani wako?"

"Wifi yangu."

"Basi mtoe. Ndugu hapimi kazi ya ndugu. Watu watasema tunapendeleana."

Nilimtoa. Tuliwahoji wale wakunga wengine, na wote walisema mashine itawapunguzia mzigo, jambo ambalo lilikuwa kweli tupu. Tukamtoa mtu mmoja aliyekuwa na la kutuambia, kwa ajili ya haki.

Nisiisingizie mashine. Ilikuwa nzuri. Haikuchoka, haikuamka na hasira za nyumbani, haikumwonea mama wa mtaa huu ikampendelea wa mtaa ule. Hilo nililipima mara nne na matokeo hayakubadilika. Mhandisi mkuu wa mradi, mama mmoja mtaratibu mwenye miwani mikubwa, alinipa kila nilichoomba kabla sijamaliza kuomba. Nilikaa siku tatu na spika za masikioni nikisikiliza sauti mia mbili zilizorekodiwa kwa ajili ya majaribio. "Ninaumwa kichwa tangu jana." "Mtoto hachezi." "Ninatokwa na damu kidogo." Mashine ilizielewa mia na tisini na sita. Niliandika tano. Baadaye sana ndipo nilipotambua kilichokosekana mle. Watu wale walikalishwa kitini, wakapewa karatasi, wakasoma ugonjwa wao moja kwa moja bila hodi. Katika sauti zote mia mbili hapakuwa na mtu hata mmoja aliyesalimiwa.

Kwenye swali la kumi na tisa, la ila, niliandika: "Hakuna inayojulikana."

Wajawazito mia na ishirini walihamishiwa kwenye mashine kwa wiki tatu za majaribio, na mimi nikaomba niwe mmoja wao. Mume wangu aliuliza kama nina uhakika. Nilimwambia mpishi asiyekula chakula chake si wa kuaminika, naye akasema kumbe siku hizi nimejua kulitumia neno. Nilizoea sauti ile. Saa moja juu ya alama ilipiga, nami niliijibu huku nikitafuta kitana. Wanawake wenzangu nao waliipenda. "Inasalimia vizuri," walituandikia kwenye fomu za maoni, na hilo pia nililipa alama.

Sasa asubuhi ya muhuri. Niliamka na kichwa kizito, kama cha jana yake ila zaidi. Simu ikalia.

"Hujambo, mama. Unaendeleaje leo?"

"Sijambo. Naendelea vizuri tu, nashukuru." Nikavuta pumzi. "Ila ki..."

"Asante, mama. Nimefurahi kusikia hivyo. Nakutakia siku njema."

Kitone cha kijani kikatokea kwenye simu. Ninachotaka kukiri ni hiki: nilifarijika. Sikukasirika kwamba nimekatwa, wala sikufikiri kwamba mtihani wote niliousimamia ulikuwa umeanguka mbele yangu katika sekunde kumi na moja. Nilikitazama kile kitone, nikasema kumbe si kitu, na naapa kichwa kilipungua kidogo. Ningeanzaje kuishuku? Niliipima mwenyewe.

Hivyo ndivyo nilivyofika ofisini kwa ndara, nikapekua droo, na wifi akapiga.

Ukimya wake ulikuwa bado uko sikioni. Muhuri nilikuwa nimeshaupata, uko kiganjani. Nilitaka kusema hakuna, wifi, tuongee baadaye. Badala yake nikasikia mdomo wangu unasema, "Ila kichwa."

"Ehe."

"Tangu jana. Na pembeni mwa macho naona kama vimulimuli."

"Na miguu je?"

"Nimevaa ndara za mdogo wako."

Sauti yake ilishuka, ikawa laini, na mimi nilimfahamu kiasi cha kujua kwamba wifi akikusema vibaya u salama.

"Wifi yangu," alisema, "weka chini hicho ulichoshika."

"Nimeshika muhuri."

"Uweke. Kaa kitini, usishuke ngazi. Nakuja."

Alikuja kwa teksi, na sare yake, na mashine ya presha ndani ya mfuko wa plastiki. Kwenye ngazi alikutana na mhandisi aliyekuwa anapanda kuchukua cheti chake, wakaingia pamoja bila kujuana. Alinipima nikiwa kwenye kiti cha Rula, kwa kuwa ndicho pekee chenye mikono, na Rula mwenyewe alisimama mlangoni ameishika rula yake kwa mikono miwili. Namba hakuniambia. Niliiona usoni mwa mhandisi, aliyekuwa amesimama nyuma yake. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaitazama tena ile namba. Kisha watu watatu wakanibeba pamoja na kiti chini ya zile ngazi zinazonuka sponji, na wauza magodoro wakatupisha.

Walinipasua mchana uleule. Binti yangu alizaliwa na kilo moja na robo tatu, amekunjamana, hana sauti. Kwa muda ambao mume wangu anasema ulikuwa dakika mbili na wifi anasema ulikuwa nusu dakika, hakulia. Mimi sikuwa na fahamu, kwa hiyo nina bahati ya kutojua. Wifi ndiye aliyempokea. Niliporudiwa na akili nilimkuta amekaa pembeni mwa kitanda changu bado ana kofia ya chumba cha upasuaji, macho mekundu, na nikadhani mtoto amekufa.

"Amelia?" nikauliza.

"Amelia na ametukana. Ukoo wa kwenu."

Hapo nikalia mimi. Nampenda wifi yangu. Kwa kawaida hatuambiani, kati yetu kuna mizaha tu, lakini siku ile nilimwambia, naye akajifanya anatengeneza shuka.

Siku ya pili walituletea mtoto nimwone kupitia kioo cha sanduku lake la joto. Wifi alimkagua kama anayekagua shati dukani, akaona sikio la kushoto limekunjika kwa juu.

"Kizuri hakikosi ila," akasema. "Na jina la nyumbani tayari tunalo. Mashine ilisema kijani, basi tumwite Kijani."

Mume wangu alipinga kwa wiki nzima. Leo hii yeye ndiye anayeliita zaidi.

Mhandisi alikuja siku ya tatu, kompyuta kifuani kama anayebeba mtoto wa mtu. Alisimama miguuni mwa kitanda. Alikuwa amezisikiliza rekodi zote za wiki tatu, peke yake, kuanzia ya kwangu. Mashine ilifundishwa kwamba mtu akishatoa jibu na kunyamaza kidogo, basi amemaliza. Na katika pumzi ile fupi kati ya "vizuri" na "ila", ilikuwa inaaga. Wanawake thelathini na wanane walikuwa wameanza kusema ila, au lakini, au tatizo tu ni kwamba, wakatakiwa siku njema.

"Tumewapigia?" wifi akauliza.

"Nimekuja kukuomba wewe uwapigie."

Wifi alipewa simu ya kliniki siku hiyohiyo. Alikaa kwenye benchi la korido, nje ya wodi yangu, mlango wazi, nami nikasikia neno lile likirudiwa mara thelathini na saba, na baada ya kila neno ukimya. Kwa wengi lilikuwa jambo dogo. Mgongo. Mume kasafiri. Usingizi. Saba waliitwa waje siku ileile, na sita kati yao walijifungua salama kwa wakati wao. Wa saba alikuwa amempoteza mtoto siku nne kabla. Alichosema kwenye rekodi ni "Salama, ila mtoto kimya". Hakuna anayejua kama angewahiwa. Niliisikiliza sauti yake mara moja tu na sijahitaji kuisikiliza tena.

Mhandisi aliketi karibu na wifi kwenye lile benchi na daftari. "Niambie niifundishe nini," alisema.

"Kungoja."

"Sekunde ngapi?"

Wifi alicheka mpaka muuguzi wa zamu akachungulia. "Sekunde! Mpaka mtu aone haya, mama. Ndiyo kiasi chake."

Na yule mama mtaratibu, badala ya kucheka, aliandika: mpaka mtu aone haya. Tangu siku ile nilimheshimu.

Lawama yangu mimi nilibaki nayo. Rula alikuja kuniona na machungwa sita, nadhani alikuwa ameyahesabu mara mbili. Nilimwambia alama nilizotoa ni batili na kwamba nitaandika hivyo kwa sahihi yangu. Akasema kwa upole kwamba Kipimo hakikuwa na kosa, kila nilichojibu kilikuwa sahihi kwa ushahidi uliokuwepo, na cheti bahati nzuri hakikupigwa muhuri. Tungeweza kukichana na kuandika kingine kimyakimya, mradi ukisharekebishwa. Ofisi ilikuwa changa. Nani angetuletea kazi akisikia kwamba mpimaji mwenyewe nusura aliwe na alichokipima?

Niliogopa, maana ile ndiyo kazi niliyokuwa naijua na mtoto alikuwa ndani ya sanduku la kioo. Lakini nilikuwa nimemsikia yule wa saba.

"Mkuu," nikasema, "mficha uchi hazai. Na mimi nimezaa juzi."

Nilimwona anajizuia, akashindwa, akacheka. Cheti kiliandikwa KIMEFUTWA kwa wino mwekundu, sababu ikaelezwa kwa ukurasa mzima, na ukurasa ule ukapelekwa kwa kila mtu aliyewahi kututumia mradi. Wawili walituacha. Mmoja alipiga simu kuuliza, kwa sauti ya chini, kama tunaweza kuipima upya na mashine yake.

Swali la arobaini na tatu tuliliandika mimi na Rula miezi miwili baadaye, Kijani amelala kwenye boksi la karatasi chini ya meza. Linasema: "Je, mfumo umejaribiwa na watu waliosalimiwa kwanza, na je, unasubiri ila?" Rula aliweka rula chini yake, akalisoma mara tatu, akataka kujua kama "ila" hapo ni ile ya kasoro au ile ya isipokuwa. Nilimwambia aulize wifi. Wifi alisema kama kweli ni msomi angejua ni neno lilelile. Tukabadilisha pia ile kanuni ya ndugu. Ndugu anahojiwa kama mtu mwingine, mradi iandikwe kwamba ni ndugu.

Kijani sasa ana miaka kumi na saba, ananizidi urefu, na sikio lake la kushoto halijanyooka. Wifi alistaafu. Anaishi peke yake upande wa pili wa mji, kwenye nyumba ndogo yenye feni inayolalamika, na presha iliyonikamata mimi sasa imehamia kwake, jambo analosema ni wizi. Ile mashine nayo ilikua, ikaongezewa kazi. Siku hizi inawapigia wazee pia. Inamsalimu wifi kila saa moja asubuhi, inamuuliza anaendeleaje, naye anasema salama. Kisha inasema, "Ila?" na kungoja.

"Neno langu," huwa ananiambia. "Imelichukua bila hata ahsante. Na inalitamka kama mtu anayesoma ubao."

Hata hivyo huijibu. Ndugu aliyeandikwa kwenye fomu yake ni mimi, kwa hiyo kitone chake cha kijani huniingilia kwenye simu kabla sijanywa chai, na mimi hukitazama, nikafarijika, nikaendelea na mambo yangu. Ndiyo, nafarijika tena. Mtu ambaye angepaswa kuwa wa mwisho duniani kufarijika na kitone.

Jumamosi iliyopita kilikuja cha njano.

Nilikuwa sebuleni, sijavaa hata viatu. Nikampa Kijani simu aufungue ujumbe. Uliandikwa hivi: "Rangi: njano. Presha: ya kawaida. Sababu: haikubainika. Maneno ya mhusika: Salama, ila wifi yangu hajanipigia tangu Jumapili. Ninyi mnaojua kila kitu, mwambieni."

Kijani alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka mara moja. Nilihesabu siku kwa vidole, nikahesabu tena kama Rula, na zilikuwa sita kweli. Nikamwambia mwanangu ainuke, tunakwenda kwa shangazi yake.

Viatu sikuviona upesi. Nikavaa ndara za mume wangu, tukaenda.